Jetiski ya Ziwa Kivu: kulipia breki za hiari au kuziacha?

Mlinzi wa Botte (Bukavu)

Ndugu zangu, salamu kutoka Bukavu. Ninasimamia nyumba ndogo ya wageni kwenye rasi ya La Botte, na mwaka huu familia imekubali tununue jetiski mbili, zile pikipiki za majini, kwa ajili ya wageni wanaolala kwetu na jamaa wa mjini wanaokuja siku ya Jumapili. Tumechagua aina ndogo, Sea-Doo Spark, kwa sababu ni nyepesi, vijana wachache wanaweza kuipandisha juu ya toroli kwenye mteremko wetu, na injini yake hainywi mafuta kama zile kubwa. Muuzaji wa Dar es Salaam ametuletea bei mbili: moja ya chombo kisicho na breki, nyingine ya chombo kilekile chenye mfumo ambao kampuni inauita iBR, yaani breki pamoja na mwendo wa kinyumenyume. Tofauti, ukijumlisha usafiri na ushuru, inazidi dola elfu moja kwa kila chombo.

Kwa pesa hiyo ninaweza kununua majaketi ya kuokolea ya watu wazima na ya watoto, nikatengeneza gati letu la mbao ambalo limeanza kuoza, na bado nikabaki na akiba ya vipuri. Tangu ajali ya boti iliyotokea karibu na bandari ya Kituku, huko Goma, mwezi Oktoba 2024, wageni wetu huuliza kwanza majaketi yako wapi. Breki hakuna aliyewahi kuniuliza. Mdogo wangu anasema vyombo vya majini havikuwa na breki tangu enzi za mababu, kwamba maji yenyewe ndiyo breki, na kwamba ukiachia mafuta chombo kinasimama. Mke wangu naye amesema hatampandisha mtoto wake juu ya kitu ambacho kinajua kukimbia lakini hakijui kusimama.

Ili mnijibu kwa kuzingatia hali yetu, ni vyema mjue kwamba ghuba iliyo mbele yetu ni nyembamba. Asubuhi wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, wanarudi, mitumbwi inapita ikiwa imebeba ndizi na makaa, boti za kwenda kisiwa cha Idjwi zinakata njia kwa mbali, na alasiri watoto wa mtaa wanaogelea mahali palepale ambapo jetiski zitakuwa zinaondokea. Wanaoziendesha watakuwa watu ambao wengi wao hawajawahi kugusa chombo cha aina hii. Ninaomba kujua mambo matatu: kama breki hiyo inasimamisha chombo kweli au ni neno la kuuzia, kama ikiharibika kuna mtu wa kuitengeneza huku kwetu, na kama mtu mwenye pesa ya kuhesabu ananunua kitu cha lazima au pambo.

Fundi wa Himbi (Goma)

Ndugu Mlinzi, nianze na maneno ya mdogo wako, kwa kuwa yana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza watu. Ni kweli kwamba ukiachia mafuta, chombo kilichokuwa kikiteleza juu ya maji kinakaa chini, tumbo lake linazama kidogo, na maji yanakipunguzia mwendo. Lakini katika muda huo wote hakina usukani. Jetiski haina ubao wa usukani nyuma, wala propela inayoning'inia nje ambayo unaweza kuigeuza. Pampu inanyonya maji kupitia tundu lililo chini ya tumbo, impela, yaani propela iliyo ndani ya pampu, inayasukuma kwa nguvu kupitia mdomo wa nyuma, na unapogeuza mikono, kinachogeuka ni ule mdomo. Maji yasipotoka kwa nguvu, hakuna kinachokisukuma chombo upande wowote. Kwa hiyo mtu anayeona mtumbwi mbele yake ghafla hufanya mambo mawili ambayo yeyote kati yetu angeyafanya, yaani anaachia mafuta na kukata kona, na chombo kinaendelea moja kwa moja hadi pale alipotaka kupakwepa. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichapisha uchunguzi juu ya vyombo hivi mwaka 1998, na kupotea huko kwa usukani, pamoja na ukosefu wa mafunzo kwa waendeshaji, ni miongoni mwa mambo iliyoyazungumzia. Tangu wakati huo watengenezaji wamejaribu njia mbalimbali za kukirudishia chombo usukani mafuta yanapoachiwa, lakini njia iliyobadilisha mambo ni hii ya breki, ambayo Sea-Doo waliitoa kwenye vyombo vya mwaka 2009. Yamaha wakafuata na mfumo wao wa RiDE kwenye vyombo vya mwaka 2015.

Sasa jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu neno breki linaweza kumfanya mtu afikirie diski na pedi. Nyuma ya mdomo wa pampu kuna kifuniko kinachoshushwa na mota ya umeme. Ukivuta mkono wa kushoto, kompyuta inalipuuza hata lile kosa la kuendelea kubana mafuta kwa mkono wa kulia, kifuniko kinashuka, na maji yaliyokuwa yakienda nyuma yanageuzwa yaende mbele. Chombo kinazuiwa na nguvu ya injini yake yenyewe. Kampuni inatangaza kwamba chombo chenye mfumo huu kinaweza kusimama hadi mita 48 kabla ya kile kisicho nao. Mimi nisingeichukua namba hiyo kama ahadi kwa ghuba ya Bukavu, kwa maana ni namba ya kilele, inayotolewa kwa vyombo vyenye mwendo mkubwa, na tena ziwa letu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake kwa uchache wa hewa. Hata hivyo, hata ukiikata nusu, ni umbali unaozidi urefu wa mtumbwi mrefu kuliko yote unaouona hapo mbele yako.

Fanya hesabu nyingine pamoja nami. Mgeni anayekwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao chombo hicho kinaufikia bila shida, anapita karibu mita 14 katika kila sekunde. Sekunde ya kushangaa peke yake imeshakula mita hizo kabla kidole hakijagusa chochote, na hakuna breki inayozirudisha. Ndiyo maana ninapoulizwa kama inasimamisha kweli, najibu kwamba inasimamisha kweli, ila haisimamishi papo hapo.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji huenda asikwambie. La kwanza, breki hii inahitaji injini inayozunguka. Mgeni akiogopa akachomoa kamba ya usalama, ile inayomfunga dereva na swichi ya injini, injini inazimika na breki imekwisha pamoja nayo. Kamba ni ya mtu aliyeanguka majini. Mtu ambaye bado amekaa anatakiwa avute mkono wa kushoto. La pili, breki ikivutwa kwa nguvu katika mwendo mkubwa, aliyekaa nyuma anasukumwa mbele na kumgonga dereva mgongoni, au anatoka kabisa kama hakushika kitu. Watoto wasikae nyuma ya dereva ambaye hajaizoea.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Papa Mlinzi, mimi ni mtu wa Mombasa niliyeolewa Bukavu, na kabla ya kuja huku nilifanya kazi mahali palipokodisha jetiski kwa watalii. Maelezo ya Fundi ninayakubali yote. Ninachotaka kuongeza ni kwamba mnazungumza mno juu ya kusimama katika mwendo mkubwa, ilhali kwa biashara kama yako faida ya mfumo huo inaonekana zaidi pale gatini, chombo kikiwa hakijafika popote.

Spark isiyo na iBR haina nyutro wala haina rivasi. Dakika unapowasha injini, inasukuma mbele. Mgeni anapanda, kijana wako ameshika tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, mgeni anabonyeza kitufe, na chombo kinaanza kuondoka kabla hajaweka miguu vizuri. Mbele yake kuna nini? Kwako kuna watoto wanaoogelea. Wakati wa kurudi ni vilevile: hakuna njia ya kupunguza mwendo isipokuwa kuzima injini mapema na kuteleza, na mgeni hajui umapema huo ni wapi. Akizima mbali mno, anakaa katikati ya maji akipunga mkono. Akizima karibu mno, omo, yaani pua ya chombo, inapanda juu ya gati lako la mbao. Chombo chenye iBR kinawaka kikiwa katika nyutro, kinakaa pale pale hadi dereva aguse mafuta, na kinapokaribia gati dereva anakirudisha nyuma kidogo kidogo. Rivasi yenyewe inahitaji mazoezi, kwa sababu tezi haiendi kila mara upande anaoutarajia mtu, lakini hayo ni mazoezi ya alasiri moja.

Jambo la nyutro lina uzito mwingine, nami nitalisema wazi ingawa si la kupendeza. Maji yanayotoka nyuma ya pampu yana nguvu ya kumjeruhi vibaya mtu aliyeanguka karibu na mdomo wake, na majeraha hayo hutokea sehemu za ndani za mwili. Watengenezaji wenyewe wanaagiza kwamba kila anayepanda avae suruali fupi ya neopreni, au vazi zito linalotoa kinga kama hiyo, badala ya chupi ya kuogelea. Usimruhusu mtu yeyote apande kutoka nyuma wakati injini inawaka, iwe kuna breki au hakuna.

Halafu kuna hili la kwetu hapa, ambalo sikulikuta Mombasa kwa kiasi hicho kwa kuwa watalii wengi hawakuwa watu wa pikipiki. Bukavu nusu ya vijana wanajua kuendesha moto, yaani pikipiki. Kwenye moto, vidole vya mkono wa kulia vinavuta breki ya mbele. Kwenye jetiski, vidole hivyohivyo vinavuta mafuta. Kwenye moto, mkono wa kushoto ni klachi. Kwenye jetiski yenye iBR, mkono wa kushoto ndio breki. Motari mzoefu akishtuka, vidole vyake vya kulia vinabana vyenyewe, na chombo kinaruka mbele kwa nguvu zote. Kwenye chombo chenye breki, akivuta mikono yote miwili, ule wa kushoto unashinda na chombo kinapunguza mwendo. Kwenye chombo kisicho na breki hakuna kinachomwokoa na mazoea yake. Mimi kwa hilo peke yake ningelipa hizo dola.

Mkatanga Majini (Lubumbashi)

Nawasalimu wote, na kwa heshima ya Mama wa Nguba nitatoa hoja ya upande wa pili, kwa sababu naona mnamsukuma ndugu yetu kwenye gharama bila kuipima vya kutosha.

Tuna jetiski ya zamani isiyo na breki, na tunaiendesha kwenye ziwa Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Watu wa nyumbani wote wamejifunza juu yake, pamoja na binti zangu. Kanuni ni moja tu, nayo inafundishika: ukiona kitu mbele yako, usiachie mafuta yote, geuza mikono, bakiza mafuta kidogo, chombo kitageuka. Mtu aliyejifunza hivyo anakwepa mapema, wakati yule wa breki anategemea kusimama. Ninaogopa kwamba breki inawapa wageni ujasiri wasioustahili, wakaanza kukimbilia mitumbwi kwa mchezo ili wasimame mbele yake na kuirushia maji. Papa Fundi, umeyaona hayo au sivyo?

Pili ni vipuri. Chombo chepesi kisicho na iBR kina pampu, mdomo na kebo ya usukani. Ukiongeza iBR, umeongeza mota ya umeme, vihisi, nyaya, na programu ambayo fundi hawezi kuisoma bila kompyuta ya kampuni. Siku taa ya hitilafu itakapowaka, fundi wa Bukavu ataifanya nini? Huku Lubumbashi kipuri kinatoka Afrika Kusini na kupita mpaka wa Kasumbalesa, na hata hivyo tunasubiri. Kwenu ni Dar es Salaam au Mombasa, halafu barabara yote ile hadi mpakani, kwenye mto Ruzizi. Chombo cha biashara kilichokaa kwenye toroli kikisubiri mota hakilipi mtu yeyote.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi: ningenunua kimoja chenye breki kwa wageni wasiojua, na kimoja bila breki kwa wenyeji wanaojua, kisha pesa iliyobaki ningeinunulia ule ufunguo wa mwanafunzi ambao Sea-Doo wanautengeneza, unaopunguza kasi ya chombo bila kumtegemea mgeni. Mtu anayekwenda polepole hahitaji breki kubwa.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Yaya Mkatanga, hilo la ufunguo wa mwanafunzi ninaliunga mkono kwa moyo wote, na ni ajabu kwamba wengi hawalijui. Lakini la kuchanganya vyombo viwili ninalikataa kabisa. Jetiski mbili zikitoka pamoja, zinafuatana. Ndivyo watu wanavyocheza, huwezi kuwazuia. Ya mbele ina breki, inasimama ghafla kwa sababu dereva ameona kitu. Ya nyuma haina breki, dereva wake anaachia mafuta, anapoteza usukani, na anampanda mwenzake mgongoni. Breki ikivutwa katika mwendo, maji yanarushwa juu na kumpa ishara aliye nyuma, ndiyo, lakini ishara inamfaa nini mtu asiye na cha kufanya? Tena mgeni aliyezoea kile cha breki asubuhi atapanda kile kingine jioni, atafute mkono wa kushoto, na asiukute.

Pia kanuni yako ya kubakiza mafuta ni sahihi, na kila anayekodi anapaswa kufundishwa hata kama chombo kina breki. Ila binti zako wamekaa nawe ziwani miaka. Mgeni wa Papa Mlinzi atafundishwa muda wa kunywa chai, akiwa tayari anatamani kuondoka.

Fundi wa Himbi (Goma)

Mkatanga, umeuliza kama nimeyaona. Wanaorushia mitumbwi maji nimewaona wakiwa na vyombo vya aina zote, vyenye breki na visivyo nayo. Tabia hiyo dawa yake ni kumnyang'anya mtu ufunguo na kutomrudishia pesa. Lakini hoja yako ya vipuri ni nzito kuliko ulivyoieleza, na ninaogopa Mama ameiruka.

Mota ya iBR kwa kawaida si kitu kinachokufa kila msimu. Adui yake mkubwa ni betri dhaifu: mfumo wote ni wa umeme, na betri ikishuka nguvu, kompyuta inaanza kulalamika kwa hitilafu ambazo si za kweli, na fundi asiye na kifaa cha kusomea anaanza kufungua visivyohitaji kufunguliwa. Kwa hiyo atakayenunua breki anunue na chaja nzuri ya betri, asitegemee umeme wa mtaa unaokuja na kuondoka. Tena asimruhusu mtu kuingiza vidole nyuma ya mdomo wa pampu kabla hajahakikisha umeme wa chombo umekatwa, kwa sababu kifuniko kile kinatembea chenyewe na hakina huruma.

Kubwa zaidi kwa Bukavu ni takataka. Nyote mnajua jinsi chupa na mifuko ya plastiki inavyoteremka kutoka mjini hadi ziwani, ikasukumwa kuelekea Ruzizi na kuziba mitambo ya bwawa la umeme. Mfuko huohuo ukinyonywa na pampu ya jetiski, unajifunga kwenye impela au unaziba wavu wa chini. Injini inapiga kelele, chombo hakiendi. Sasa kumbukeni nilivyoeleza: breki inatumia maji ya pampu ileile. Pampu iliyozibwa nusu ina msukumo nusu na breki nusu. Mtu aliyenunua breki kisha hakagui wavu kila asubuhi, na kila mara chombo kinapokosa nguvu, amenunua kitu ambacho siku ya haja hakitakuwepo. Kokoto za kando ni vilevile: ukiwasha injini penye maji ya magotini, pampu inazinyonya, zinakwangua pete inayoizunguka impela, na msukumo unapungua polepole bila wewe kutambua. Kisukumeni chombo hadi maji yafike kiunoni kabla ya kuwasha. Kwetu Goma, ambako ufuko ni mawe ya volkano yenye makali, tunalijua hilo kwa gharama.

Kuhusu kuifunga breki baadaye, kama ndugu Mlinzi anafikiria kununua bila kisha kuongeza, simshauri. Ni mkono wa kushoto, nyaya, mota, kifuniko, pamoja na kuifundisha kompyuta kwamba vitu hivyo vipo. Au unanunua navyo tangu mwanzo, au unaachana navyo.

Na kwa kusema haki, kama ungekuwa umeniambia kwamba chombo ni chako peke yako, unakiendesha mwenyewe katika maji mapana kuelekea Idjwi, mbali na watu, ningekuwa upande wa Mkatanga bila kusita. Chombo chepesi, kisicho na vitu vingi, kwa mtu anayekijua, kinatosha.

Mkatanga Majini (Lubumbashi)

Nimekubali hoja ya kutochanganya. Sikuwa nimeifikiria ile ya kufuatana. Kwa vipuri bado nina wasiwasi wangu, lakini naona wa takataka ni mkubwa kuliko wa mota.

Mlinzi wa Botte (Bukavu)

Ndugu zangu, ninawashukuru. Nimewasomea mdogo wangu na mke wangu majibu yenu yote mezani, na mabishano yameishia mahali ambapo sikupatarajia. Kwa kuwa kuchanganya hakufai, na kwa kuwa pesa haitoshi kununua viwili vyenye breki na bado kutengeneza gati na kununua majaketi, tumeamua kununua kimoja tu, chenye iBR, na ufunguo wa mwanafunzi juu yake. Kikijilipa, tutatafuta cha pili chenye mfumo uleule. Mdogo wangu amekubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayefundisha, na kwa kuwa ni motari tangu ujana wake, Mama wa Nguba, nadhani wewe ndiye utakayemfundisha yeye kwanza.

Nina swali moja lililobaki. Muuzaji ananiambia kwamba kwa bei ileile ya Spark mpya anaweza kunipatia chombo kikubwa zaidi kilichotumika, aina ya GTI, ambacho tayari kina breki. Je, hiyo si njia ya kupata kikubwa kwa bei ya kidogo?

Fundi wa Himbi (Goma)

GTI ni chombo kizuri, kimetulia zaidi kwenye mawimbi ya alasiri, lakini kwa mteremko wako uzito wake utawachosha vijana kila siku. Kama bado unakitaka, usilipe kabla mtu unayemwamini hajakiwasha kikiwa majini. Aangalie kama kinaanza katika nyutro na kukaa pale pale, avute mkono wa kushoto katika mwendo mdogo na kusikiliza kifuniko kikishuka bila kukwama, kisha aombe historia ya hitilafu isomwe kwenye kompyuta mbele yake. Chombo kilichowahi kuzama kinaweza kung'arishwa nje kikapendeza, ila nyaya za iBR hazisahau maji. Muuzaji akisema kompyuta haipo, rudi kwenye Spark mpya.

Na kwenye oda hiyo hiyo, kabla kontena halijafungwa, agiza pete moja ya pampu, wavu wa ziada, betri na kamba mbili za usalama. Vitu hivyo vikija na chombo havikuongezei usafiri. Vikija baadaye peke yake, kila kimoja kitakulipisha njia yote kutoka Dar es Salaam.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Mdogo wako aje Jumamosi kabla ya upepo wa alasiri. Mwambie avae jaketi lake tangu nyumbani, na asije na abiria.